Kona ya Studio: Sauti ya soul, ngoma ya klabu, usiku wa Nairobi

Barua za mwezi huu zimefuatana kama matatu za Thika Road saa za jioni, na karibu zote zinauliza jambo moja: mwimbaji wa soul afanye nini ili kibao chake kinachousifu usiku wa Nairobi kichezwe klabu na bado kibaki kuwa soul. Tumezijibu hapa. Tukisema mzunguko, tunamaanisha mapigo manne.

Nilirekodi wimbo wangu kwa mapigo 84 kwa dakika. Prodyusa ameuvuta hadi 118 ili uchezeke, na sasa sauti yangu inalia kama mbuzi. Ananiambia nitazoea. — Mwimbaji, South B

Dada, usizoee. Kutoka 84 hadi 118 ni kuongeza kasi kwa asilimia 40. Programu ya studio inaweza kuuzuia ufunguo (kimo cha noti za wimbo) usipande (bila hivyo ungepanda karibu nusutoni sita), lakini mtetemo wa sauti yako haiwezi kuuokoa. Mwimbaji wa soul akishikilia noti, sauti hutetemeka mara tano au sita kwa sekunde. Ongeza asilimia 40 na mtetemo unafika mara saba hadi nane. Hapo sikio haliusikii tena uchungu wala furaha, linamsikia mbuzi. Konsonanti nazo zinabanwa, na "k" na "t" zinatoka kama changarawe. Kuvuta kwa asilimia tano hivi huwa hakuumizi. Ukipita kumi, msikilizaji wa kawaida atajua kuna kitu hata akikosa jina lake.

Dawa ni kurekodi upya, na kabla ya hapo kuipanga pumzi upya. Tupige hesabu. Mstari wa mizunguko miwili kwa kasi ya 84 unachukua sekunde 5.7. Kwa kasi ya 118, mizunguko mitatu inachukua sekunde 6.1. Kwa hivyo mstari wako wa zamani unaingia vizuri katika mizunguko mitatu ya ngoma mpya, karibu kwa mwendo ule ule uliouzoea. Lakini ngoma ya klabu hutembea kwa minne minne, na huo mzunguko wa nne uliobaki ndio mali yako. Uache wazi. Ni sekunde mbili tu: unavuta pumzi, besi inajibu, watu wanageuka na kupiga makofi. Vibao vingi vya soul vinavyopelekwa klabu huanguka hapa, kwa sababu mwimbaji anaogopa kimya na kukijaza, kisha prodyusa anaongeza kinanda juu yake, na mchezaji anakosa mahali pa kuitikia.

Kasi yenyewe si tatizo. Amapiano ya Afrika Kusini hukaa karibu na 112 hadi 115, muziki wa hausi (house) huanzia karibu na 120, na kati ya 114 na 120 sauti ya soul bado inapumua. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo), uimbe kiitikio chako kwa 112, 115, 118 na 121. Chukua kasi ya juu kabisa ambayo neno refu kuliko yote katika kiitikio linatamkika bila kumeza silabi.

La mwisho kwako: soul huketi nyuma ya pigo kidogo. Ukichelewa milisekunde 20 au 30, huko si kukosea. Mwambie prodyusa asizisogeze silabi zako hadi kwenye mistari ya programu. Ngoma ndiyo inayonyooka, ili kuchelewa kwako kupate kitu cha kuegemea.

Kwenye hedifoni besi yangu inanguruma. Wimbo ulipochezwa klabu moja ya Ngong Road, besi ikapotea kabisa. Ufunguo ni D. — Prodyusa, Kahawa West

D ya chini ni takriban 37 Hz (mitetemo kwa sekunde). Spika za klabu ndogo na za wastani huanza kuchoka chini ya 40 Hz, na fundi mwangalifu hukata sauti za chini ya hapo ili koni zisipasuke. Noti yako kuu ilikuwa inakatwa kabla ya kufika ukumbini. Hedifoni haina kizuizi hicho, ndiyo maana ilikudanganya.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha ufunguo: F ni 44 Hz, G ni 49, A ni 55. Hizo zinasikika kifuani kwenye mfumo wowote wa maana. Lakini muulize mwimbaji kwanza, maana nusutoni tatu zinaweza kukitoa kiitikio mahali pa raha na kukipeleka mahali pa kupiga kelele, na katika soul sauti ndiyo inayochagua ufunguo. Njia ya pili, ambayo sisi tunaipenda zaidi, ni kuacha D ilipo na kuiandika besi upya: icheze D ya oktavu ya juu (73 Hz), ishuke A mara kwa mara, na ule uzito wa karibu na 50 Hz uachiwe ngoma ya mguu.

Kisha angalia kama umeipanua besi kushoto na kulia kwa plagini (programu ndogo ya kuchezea sauti). Klabu nyingi huunganisha pande mbili kuwa moja kwenye spika za chini, na besi iliyopanuliwa inajifuta yenyewe. Bonyeza kitufe cha mono (kinachounganisha pande mbili) studioni. Besi ikipungua, umempata mwizi. Kila kitu chini ya 120 Hz kiwe katikati.

Kuhusu ngoma na besi kugombana: weka kompresa (kifaa cha kushusha sauti inayozidi) juu ya besi, iamshwe na ngoma ya mguu, yaani saidicheni. Uwiano 4:1, ianze ndani ya milisekunde 1 hadi 3, iachilie baada ya 120 hadi 180, na ipunguze desibeli 4 hadi 6. Kwa kasi ya 118, pigo hadi pigo ni milisekunde 508. Ukiweka kuachilia kwa 400, besi inarudi pale ngoma inapogonga tena na wimbo unabaki bila nyama. Ukiweka chini ya 50, besi inakwaruza.

Watu wengi hupima miksi ndani ya nganya (matatu yenye muziki mkubwa), na ni jambo zuri kwa sababu huko ndiko wimbo utakakoishi mchana. Lakini chombo kilichofungwa huongeza besi chenyewe, na wenye nganya huongeza juu yake. Ukirekebisha miksi kwa kufuata nganya peke yake, utaitoa besi kupita kiasi. Pima sehemu tatu: nganya, spika kubwa ya ukumbi, na simu iliyowekwa mezani. Simu haitoi 50 Hz hata kidogo. Ili mstari wa besi usikike humo, uukoleze kidogo kwa plagini ya saturation hadi zitokee sauti za kati ya 100 na 250 Hz.

Katika ubeti wa kwanza nimetaja Westlands, Kilimani, Thika Road, Buruburu, Lang'ata, Embakasi na Rongai ili kila mtu ajisikie nyumbani. Rafiki zangu wanasema ninasikika kama konda anayeita abiria. — Mtunzi, Umoja

Rafiki zako wamekusaidia. Orodha ya mitaa haimpi mtu picha. (Na Rongai iko Kajiado, ingawa usiku wake ni wa Nairobi.) Chagua saa moja na njia moja, uzishike hadi mwisho.

Nairobi ya saa mbili usiku si Nairobi ya saa nane. Saa mbili kuna foleni, kuna msichana anayevua viatu vya ofisini ndani ya matatu na kuvaa vingine. Saa nane barabara ni nyeupe, bodaboda zimejipanga nje ya mlango injini zikinguruma, na mwuza mutura bado yuko: kisu kinagonga ubao haraka haraka, anasukuma vipande kando kwa ubavu wa kisu, anatia chumvi, kachumbari, pilipili, na mvuke unapanda kwenye taa yake moja. Saa kumi na moja alfajiri wa kwanza kwenda kazini wanakutana na wa mwisho kutoka dansi, na wote wananunua chai kwa mama mmoja. Ubeti mmoja wa saa nane unaibeba Nairobi nzima kuliko majina saba.

Majina ya barabara yanaweza kukaa, kwa sababu barabara hazihami: Tom Mboya, River Road, Moi Avenue. Majina ya klabu yaache nje. Klabu hufunga, hubadili mwenyewe, hubadili jina, na dijei wa klabu nyingine hawezi kucheza wimbo unaomsifu jirani anayeshindana naye.

Sasa twende kwenye silabi. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo ndio unaopaswa kuangukia pigo zito. Katika "Nairobi" mkazo uko kwenye "ro". Iweke "Nai" kabla ya pigo, "ro" iangukie pigo la kwanza, "bi" ifuate kwa wepesi. Ukiweka "Nai" kwenye pigo la kwanza na "ro" ikajibana katikati, jina la mji wako litasikika kama limetamkwa na mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Kisha angalia irabu. Kwenye noti ya juu "i" inafunga koo, "a" na "o" zinafungua. Kwa hivyo refusha "ro", usirefushe "bi". "Tao" (mjini) ni zawadi kwa mwimbaji: irabu mbili zilizo wazi, bila mlango wowote. "Kanairo" (Nairobi) nayo inamalizia kwa "o".

Sheng inafaa, ila ina umri wake. Maneno kama tao, nganya na Furahiday (Ijumaa) yamekaa miaka na kila mtu anayajua. Neno lililozaliwa mwezi huu liweke kwenye vile vilio vya pembeni au ubeti wa pili, usiliweke kwenye kiitikio, kwa sababu mwakani litakuaibisha. Kiitikio chenyewe kiwe na silabi tano hadi tisa, kirudiwe mara nne, na mara ya tatu ubadilishe neno moja. Mtu aliye mlangoni akilipia kiingilio anapaswa kukijua kabla hajafika kaunta.

Nataka sauti za mji ndani ya wimbo: matatu, konda, mvua. Nirekodi kwa simu? — Mwimbaji, Kasarani

Simu inatosha, mradi programu ya kurekodi ihifadhi WAV (faili isiyobanwa) na uifunike maiki kwa kitambaa chepesi kuzuia upepo. Sauti tamu kuliko zote kwa kazi hii ni kiganja cha konda kikigonga bodi ya matatu kumwambia dereva aondoke. Ni bati lenye mwangwi mfupi, na ukiikata mapigo yake yakawa sawa, inakaa vizuri pamoja na sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) kwenye pigo la pili na la nne. Kata kila kitu chini ya 150 Hz ili mngurumo wa injini usiingie kwenye besi. Mvua iweke mbali kabisa, desibeli 25 hivi chini ya sauti ya mwimbaji, na uitoe kiitikio kinapoingia. Tofauti hiyo inafanya kiitikio kionekane kimefungua mlango.

Hatari iko kwenye redio ya matatu. Rekodi ya dakika moja pale stendi ina kila nafasi ya kunasa wimbo wa mtu mwingine nyuma, na mifumo ya majukwaa ya mtandaoni hutambua vipande hata vidogo. Wimbo wako utazuiwa, au mapato yataelekezwa kwa mwenye hakimiliki. Rekodi matatu iliyosimama na redio imezimwa. Na konda ukimrekodi akiita abiria kwa mtindo wake, muombe ruhusa, umlipe, na mtie saini karatasi fupi. Hiyo ni kazi ya sauti yake.

Naishi chini ya mabati. Sina pesa za studio. — Kayole

Rekodi kati ya saa nane na saa kumi usiku, na usirekodi siku ya mvua. Simamisha magodoro mawili kwa umbo la V nyuma ya mgongo wako, maana maiki husikia kilicho mbele yake, yaani wewe na ukuta ulio nyuma yako. Blanketi nzito juu ya kichwa. Kaa sentimita 15 kutoka kwenye maiki, na soksi safi iliyovutwa juu ya kitanzi cha waya itazuia mapigo ya "p" na "b". Rekodi kwa biti 24, vilele viguse kati ya -12 na -6 dB. Hifadhi kazi kila baada ya mstari, stima haipigi hodi ikiondoka.

Watu wananiambia soul haikuumbwa kwa ajili ya klabu. — Lang'ata

Klabu yenyewe iliumbwa na soul. Ngoma ya mguu inayogonga mapigo yote manne, na hai-hati (visahani viwili vya mpiga ngoma) inayofunguka kati yake, ilienezwa na Earl Young, mpiga ngoma wa vikao vya soul vya Philadelphia, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hausi ikazaliwa Chicago, ambako Frankie Knuckles alicheza sahani (santuri) za soul na disko kwenye klabu ya Warehouse kuanzia 1977. Hapa kwetu, Slim Ali wa Mombasa na bendi ya Hodi Boys walikuwa wakichezesha watu soul miaka hiyo hiyo ya 1970. Hukopi kitu.

Madijei wanasema wimbo wangu ni mzuri lakini hawauchezi. Naanza kuimba sekunde ya nne. — Mwimbaji, Kilimani

Sauti yako inaanza sekunde ya nne, na hiyo ndiyo sababu. Dijei anahitaji mahali pa kuushika wimbo wako wakati mwingine bado unacheza. Mwimbaji akianza mara moja, sauti mbili zinagombana, na dijei mwenye ukumbi uliojaa hatajaribu bahati yake kwa ajili yako.

Tengeneza toleo refu. Mizunguko 16 ya ngoma tupu mwanzoni (kwa kasi ya 118 ni sekunde 32 na nusu), kisha besi, kisha wewe. Mwishoni mizunguko mingine 16, ukitoa vyombo kimoja kimoja hadi ibaki ngoma. Katikati, baada ya kiitikio cha pili, acha mizunguko 8 ambamo ngoma ya mguu inatoka na unabaki wewe na kinanda tu. Hapo ndipo soul inapolipwa: watu wanasimama, wanakusikiliza, na ngoma inaporudi ukumbi unaruka. Toleo zima lifike dakika tano hadi sita. La redio liwe dakika tatu hivi.

Wazo hili ni la zamani. Tom Moulton, mchanganyaji wa muziki wa New York, alirefusha nyimbo za soul katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya wachezaji. Siku moja fundi wake, José Rodriguez, aliishiwa na sahani tupu za inchi 7, akakata wimbo kwenye sahani kubwa zaidi. Mifereji ilipotanuliwa kujaza nafasi, sauti ikawa kubwa na besi ikapata nguvu. Kutoka hapo zikaja sahani za inchi 12 za madijei.

Leo sahani ni flashi diski. Peleka WAV, au MP3 ya 320 kbps ikibidi. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Flashi iwe ya mfumo wa FAT32, kwa sababu mashine nyingi za zamani za klabu hazisomi baadhi ya mifumo mingine. Jina la faili lianze na jina lako, kisha jina la wimbo, aina ya toleo, kasi na ufunguo. Faili inayoitwa "final final 3" haitafutwi na mtu saa saba usiku. Ongeza toleo la ala tupu na la sauti tupu. Na kasi isiyumbe: wimbo uliopigwa na bendi bila metronomu una utamu wake, lakini mashine ya dijei itaupoteza.

Masta yangu (toleo la mwisho la wimbo) iwe na sauti kubwa kiasi gani? — Prodyusa, Ruaka

Tengeneza mbili. Spotify huzisawazisha nyimbo hadi karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hivyo masta iliyominywa hadi -6 itashushwa huko, na itabaki na ule msongo bila faida ya ukubwa. Kwa majukwaa, -11 hadi -10 inaacha sauti ya soul na uhai wake, kilele kisipite -1 dB. Kwa madijei nenda hadi -8, maana mashine za klabu hazisawazishi na wimbo wako utasimama kando ya nyingine zilizopigwa masta kwa nguvu. Ukiona herufi "s" za mwimbaji zinachoma kwenye masta ya klabu, usizishughulikie hapo. Rudi kwenye miksi uzipunguze kati ya 5 na 8 kHz. Mwangwi wa ukumbi nao uupunguze kwa theluthi moja kwenye toleo la klabu, kwa sababu klabu ina mwangwi wake tayari. Tumia mwangwi wa kurudia wa nusu pigo, yaani milisekunde 254 kwa kasi ya 118, ambao unaijaza ile mianya ya pumzi bila kuyafunika maneno.

Maneno na melodi ni vyangu, biti ni ya prodyusa, studio nililipa mimi. Sasa anasema wimbo ni wake. — Mwimbaji, Embakasi

Kuna mali mbili hapa, na zikichanganywa ndipo ugomvi unapoanza. Ya kwanza ni utunzi: maneno, melodi, muziki. Huo ni wenu wote wawili kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Ya pili ni rekodi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua kama mwenye rekodi yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Ikiwa wewe ndiye uliyekodi studio na kulipa, hoja yako ina nguvu, mradi una risiti au ujumbe wa M-Pesa wa kuonyesha. Usiufute.

Kabla ya kutoa wimbo, andikeni karatasi ya mgao siku hiyo hiyo ya kurekodi, kabla mtu yeyote hajajua kama wimbo utapendwa. Iwe na majina kamili, asilimia za utunzi zinazofika 100, asilimia za rekodi zinazofika 100, tarehe na saini za wote. Mgao wa kawaida ambapo mmoja ana maneno na melodi na mwingine ana biti yote ni 50 kwa 50 katika utunzi. Mtu anayemhamishia mwingine hakimiliki ni lazima afanye hivyo kwa maandishi yaliyotiwa saini. Maneno ya mdomo studioni hayahamishi kitu.

Sajilini kazi hiyo kwenye mfumo wa mtandaoni wa KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kisha kuna mashirika ya kukusanya mirabaha, ya watunzi, ya waimbaji na wapigaji, na ya watayarishaji wa rekodi. Leseni zao hutolewa na KECOBO na zina muda wake, kwa hivyo thibitisha kwanza ni nani ana leseni mwaka huu kabla ya kujaza fomu. Hakikisha rekodi ina namba yake ya ISRC (ya kuitambulisha kimataifa), yenye herufi na tarakimu 12, na toleo refu lipate namba yake tofauti. Watu hulisahau hilo, kisha wanashangaa hesabu hazilingani. Kuhusu Skiza, huduma ya Safaricom ya miito ya simu, marekebisho ya sheria ya 2022 yanampa mwenye kazi asilimia isiyopungua 52 ya mapato ya miito. Ukipewa mkataba wenye chini ya hapo, usiutie saini.

Nitoe lini? — Mwimbaji, Donholm

Ijumaa, karibu na mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia na klabu zimejaa. Mkabidhi msambazaji wiki nne kabla. Maombi ya kuwekwa kwenye orodha za Spotify yanapaswa kufika angalau siku 7 kabla ya siku ya kutoka, na picha ya jalada iwe ya pikseli 3000 kwa 3000. Madijei wapewe wiki mbili kabla ya kila mtu. Na ujue kwamba Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha usikilizwaji 1,000 ndani ya miezi 12, kwa hivyo usiitegemee siku hiyo kwa nauli.

Nimealikwa kuuimba moja kwa moja klabu moja Westlands, saa saba usiku. Natoka Mombasa. Nijiandaeje? — Mwimbaji, Nyali

Fika Nairobi siku mbili kabla ukiweza. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani na usiku ni wa baridi, hasa Juni hadi Agosti. Mistari unayoimaliza kwa pumzi moja Nyali inaweza kukukatikia Westlands kabla ya neno la mwisho. Ile mianya ya mzunguko wa nne tuliyoieleza juu itakuokoa, kwa hivyo usiijaze kwa salamu.

Beba flashi yenye toleo lenye ala na sauti za pili tu, bila sauti yako kuu. Ukiimba juu ya wimbo kamili, sauti zako mbili zitapishana kwa milisekunde chache na utasikika kama uko ndani ya pipa. Fika ukumbi ukiwa mtupu, saa kumi na mbili jioni, umwombe fundi akate maiki yako chini ya 120 Hz na akupe spika ya kujisikia, hata ndogo. Maiki ishike katikati ya mpini. Ukiikumbatia kichwani kwa kiganja, italia. Kichwa cha maiki kisielekee spika kamwe, hata unapocheza.

Anza kupasha sauti moto saa tano na nusu usiku, dakika 15 za mvumo wa midomo na kupanda polepole, kisha koti shingoni na maji ya vuguvugu hadi uitwe. Usipige gumzo klabu kabla ya kupanda. Kupiga kelele ili jirani akusikie kwa dakika 20 kunachosha koo kuliko wimbo wenyewe. Panga na dijei mapema: yeye aingize mizunguko 16 ya ngoma, wewe upande jukwaani kwenye wa 9, na uanze kuimba kwenye wa 17. Kiitikio cha mwisho kikiisha, shusha maiki, uache ngoma iendelee ili yeye aweze kuingiza wimbo unaofuata.